Bia nyeusi ya Westvleteren: kwa nini watawa wake wanakataa kupika zaidi

Katika kijiji cha Westvleteren, magharibi mwa Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna kiwanda kidogo cha bia ambacho hakitangazi bidhaa yake, hakitafuti wateja wapya wala hakina haja ya kupanuka. Kwa miongo mingi chupa zake hazikubandikwa hata lebo ya karatasi. Hata hivyo, bia nyeusi inayotoka humo imewahi kutajwa na waonjaji wa nchi nyingi kuwa bora kuliko zote duniani, na wako watu waliosafiri mamia ya kilomita ili warudi nyumbani na kreti moja au mbili tu.

Wenye kiwanda hicho si wafanyabiashara. Ni watawa wa Kanisa Katoliki wa shirika la Watrapisti, wanaoishi katika abasia ya Mtakatifu Siksto. Bia yao mashuhuri huitwa Westvleteren 12. Namba hiyo si kiwango cha kileo, kwani kileo chake ni asilimia 10.2. Bia hiyo haimalizi kuiva ndani ya tangi la kiwandani, bali ndani ya chupa yenyewe, baada ya kizibo kufungwa. Jambo hilo ndilo linaloitenga na bia nyingi zinazouzwa Bujumbura, Kigali, Goma au Kampala, na ndilo linaloeleza kwa sehemu kubwa ladha yake.

Lakini liko swali jingine, ambalo limewashangaza wachumi na wanywaji vilevile: mtu mwenye bidhaa inayotafutwa hivyo, kwa nini akatae kutengeneza zaidi?

Abasia yenye umri wa karibu karne mbili

Abasia ya Mtakatifu Siksto ilianza mwaka 1831, watawa kutoka monasteri ya Mont des Cats, iliyo juu ya kilima upande wa pili wa mpaka, nchini Ufaransa, walipojiunga na mkaa pweke aliyekuwa akiishi katika msitu wa Westvleteren. Mwishoni mwa miaka ya 1830 walianza kupika bia. Eneo hilo, lililo karibu na mji wa Poperinge, ni mashuhuri kwa kilimo cha hopsi, mmea ambao maua yake huipa bia uchungu na harufu. Kwa hiyo malighafi haikuwa mbali.

Watrapisti hufuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inayomtaka mtawa kugawa siku yake kati ya sala, kusoma na kazi ya mikono. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mtawa wa kweli ni yule anayeishi kwa jasho lake. Baadhi ya monasteri hufuga ng'ombe na kutengeneza jibini, nyingine huoka mikate au kukamua mafuta. Ubelgiji, nchi ambayo utamaduni wake wa bia uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2016, watawa wengi walichagua bia.

Mwanzoni bia ya Westvleteren ilikuwa ya meza ya watawa na wageni wao. Ni mwaka 1931 ndipo walipoanza kuiuzia jamii kwa upana zaidi. Kabla ya hapo abasia ilikuwa imepitia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa nyuma ya mstari wa mapigano, katika kipande kidogo cha Ubelgiji ambacho jeshi la Ujerumani halikukiteka. Viwanda vingi vya bia nchini humo vilinyang'anywa mitungi yake ya shaba ili itumike katika shughuli za vita, lakini mitungi ya Westvleteren ilinusurika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watawa walifanya uamuzi ambao unasaidia kueleza msimamo wao wa leo. Waliona kuwa biashara ya bia imekua mno na inavuruga maisha ya sala. Badala ya kuajiri watu zaidi na kujenga kiwanda kikubwa, walipunguza upishi wao, wakakipa kiwanda kimoja cha kijiji jirani cha Watou kibali cha kupika na kuuza bia kwa jina la Mtakatifu Siksto. Mkataba huo ulidumu hadi mwaka 1992. Tangu wakati huo bia ya Westvleteren hupikwa ndani ya kuta za abasia peke yake.

Uhai ndani ya chupa

Ili kuielewa bia hii, ni vyema kuanza na ile ya kawaida. Nafaka ya shayiri hulowekwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa na kuwa kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto, na wanga uliomo hugeuka sukari. Maji hayo matamu huchujwa na kuchemshwa pamoja na hopsi. Yakisha kupoa hutiwa hamira, ambayo ni kiumbe hai kisichoonekana kwa macho. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya kaboni dioksidi ambayo ndiyo huleta povu.

Katika viwanda vikubwa, bia ikishakomaa huchujwa hadi hamira yote iondoke. Mara nyingi hupashwa moto ili kuua vijidudu vilivyobaki, kwa njia iliyopewa jina la mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, na kiasi cha hewa hurekebishwa kwa mashine. Njia hiyo ina faida zake. Chupa ya leo hufanana na ya mwezi ujao, na inaweza kusafirishwa mbali kwa lori juani bila kuharibika upesi. Lakini bia hiyo haina tena uhai ndani yake. Kadiri inavyokaa, huchakaa tu.

Bia inayokomaa chupani hufuata njia nyingine. Inapojazwa, huachiwa hamira hai pamoja na sukari kidogo iliyopimwa. Kizibo hufungwa, na chupa hupelekwa katika chumba chenye joto kwa wiki moja hadi mbili. Humo hamira huamka na kuila ile sukari. Kwa kuwa hewa inayotoka haina pa kupenya, huyeyuka ndani ya bia na kuipa povu jepesi na la kudumu. Wakati huohuo hamira hunyonya oksijeni iliyonaswa shingoni mwa chupa, ambayo ingeiharibu bia mapema. Kazi ikiisha, hamira hushuka chini na kuwa tabaka jembamba la mashapo.

Msomaji wa ukanda wa Maziwa Makuu hataliona jambo hili kuwa geni kabisa. Pombe ya ndizi, iwe ni urwagwa wa Rwanda, urwarwa wa Burundi, kasiksi ya Kivu au tonto ya Uganda, nayo huwa hai inaponywewa. Ina mashapo, huendelea kuchacha, na ladha yake ya asubuhi si ile ya jioni. Tofauti iko katika udhibiti. Pombe ya ndizi ikiachwa siku chache huelekea kuwa siki. Bia ya Westvleteren hulindwa na hopsi pamoja na wingi wa kileo chake, na sukari inayotiwa mwishoni hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Kipimo hicho si jambo la ladha peke yake. Sukari ikizidi, hewa hujaa kupita kiasi na chupa inaweza kupasuka kama bomu. Kwa sababu hiyo, kufungia pombe ya kienyeji inayoendelea kuchacha ndani ya chupa ya kioo ni hatari kwa anayeifunga na kwa anayeifungua.

Weusi unatoka wapi?

Wanywaji wengi huamini kuwa bia ikiwa nyeusi lazima iwe kali. Imani hiyo haina msingi. Stauti inayomiminwa katika baa za Ireland ni nyeusi tititi, na kileo chake ni takriban asilimia 4 tu, chini ya laga nyingi za rangi ya dhahabu. Weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa sana, kama inavyokaangwa kahawa, na ndiyo maana ladha yake hukumbusha kahawa.

Westvleteren 12 hupata rangi yake kwa njia tofauti. Kimea chake ni cha rangi ya kung'aa. Kinachoitia giza ni sukari iliyopikwa hadi ikawa ya kahawia iliyokolea, ambayo huongezwa wakati wa kuchemsha. Sukari hiyo hufanya kazi mbili: huleta rangi pamoja na harufu ya kitu kilichoungua kidogo, na huipa hamira chakula kingi cha kugeuza kuwa kileo. Ndiyo sababu bia hii ni kali bila kuwa nzito kama uji mdomoni.

Hamira nayo ina asili yake. Watawa wa Westvleteren huichukua kutoka abasia ya Westmalle, monasteri nyingine ya Watrapisti iliyo karibu na mji wa Antwerp. Ni hamira inayopenda joto, tofauti na ile ya laga ambayo hufanya kazi katika baridi. Joto hilo huifanya izalishe harufu nyingi zinazofanana na za matunda. Mwonjaji anaposema ameisikia tende au tini katika bia hii, huwa hakosei, ingawa hakuna tunda lolote lililotiwa. Harufu hiyo ni kazi ya hamira na sukari iliyounguzwa.

Jinsi inavyoonjwa

Kuonja bia ya namna hii ni shughuli inayohitaji utulivu. Chupa husimamishwa wima kwa siku kadhaa ili mashapo yatulie chini. Haitolewi kwenye jokofu na kunywewa papo hapo, kwa sababu baridi kali huziba harufu. Huachwa ipate joto hadi kufikia nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi, baridi ya chumba cha chini ya ardhi katika nchi za Ulaya, au ya usiku katika milima ya Kivu na ya kaskazini mwa Rwanda.

Glasi inayofaa ni pana mdomoni, mfano wa kikombe cha ibada. Glasi huinamishwa, na bia humiminwa polepole, kwa mkono usiotikisika, bila kusita katikati. Mmiminaji huacha kiasi cha kidole kimoja chini ya chupa, na hapo ndipo mashapo yalipo. Mashapo hayo hayana sumu. Wapo wanaoyanywa peke yake katika kikombe kidogo, lakini yakichanganyika na bia huifanya kuwa na wingu na kuleta ladha ya unga mbichi wa mkate.

Jicho ndilo hutangulia. Ingawa huitwa nyeusi, bia hii ikiinuliwa kwenye mwanga huonekana ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Povu lake ni zito, la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na huacha alama ubavuni mwa glasi kadiri bia inavyopungua.

Baada ya jicho hufuata pua. Mwonjaji huinusa bia kabla ya kuinywa, kwa sababu sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha kwa hakika ni harufu. Hapo hujitokeza zabibu kavu, tini, tende, sukari guru, ganda la mkate uliotoka kwenye tanuri, na pengine kakao.

Mwisho ni ulimi. Funda la kwanza huwa dogo. Utamu hutangulia, kisha vipovu vidogo huuinua na kuusafisha, na nyuma yake huja uchungu wa upole wa hopsi unaozuia utamu usichoshe. Bia ikishamezwa, kileo hujitambulisha kwa joto linaloshuka kifuani. Hapo ndipo mwonjaji huweka glasi chini. Bia hii huendelea kubadilika kadiri inavyopata joto, na funda la mwisho mara nyingi halifanani na la kwanza.

Mabadiliko ya muda mrefu ni makubwa zaidi. Kwa kuwa hamira ilikwisha kulinda bia dhidi ya oksijeni, na kwa kuwa kileo ni kingi, chupa iliyohifadhiwa wima, gizani na mahali pa ubaridi, inaweza kukaa miaka kadhaa. Uchungu hufifia, povu hupungua ukali, na ladha ya matunda makavu hukolea mpaka ikakaribia ile ya divai iliyozeeka. Si kila mtu huipenda hivyo. Wako wanaoshikilia kuwa bia changa ina uchangamfu ambao uzee huufuta, na mjadala huo haujapata mshindi. Rangi ya kahawia ya kioo cha chupa nayo ina kazi yake: mwanga wa jua ukiifikia hopsi, huharibu harufu yake kwa muda mfupi.

Chupa ndogo, nguvu kubwa

Jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi. Chupa ya Westvleteren 12 ina sentilita 33, yaani chini ya nusu ya chupa kubwa ya sentilita 72 iliyozoeleka katika baa za Burundi na Rwanda. Lakini kwa kileo cha asilimia 10.2, chupa hiyo ndogo hubeba takriban mililita 34 za kileo halisi. Chupa kubwa ya laga yenye asilimia 5 hubeba mililita 36. Kwa maneno mengine, anayekunywa chupa mbili ndogo za bia ya watawa amekunywa karibu sawa na aliyemaliza chupa mbili kubwa, na utamu wake humfanya asitambue hivyo mapema.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kutajwa kuwa salama kabisa kwa afya. Kwa wajawazito, madereva na watu wenye maradhi ya ini, ushauri wa madaktari ni kutoigusa kabisa. Aidha, katika jamii nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili, zikiwemo za Buyenzi mjini Bujumbura na Nyamirambo mjini Kigali, wapo wengi ambao kwao kileo ni haramu kwa imani. Kwao habari ya Westvleteren inabaki kuwa habari ya kazi, sayansi na maadili ya biashara, wala haihitaji glasi ili ieleweke.

Foleni langoni

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Westvleteren, methali hiyo imekuwa baraka na mzigo kwa pamoja. Mwaka 2005 tovuti ya waonjaji iitwayo RateBeer iliitaja Westvleteren 12 kuwa bia bora duniani. Habari ilipoenea, magari yalipanga foleni ndefu katika barabara nyembamba za mashambani, na akiba ya bia ikaisha. Wengi walitarajia abasia ingeongeza uzalishaji. Haikufanya hivyo.

Kiwanda hicho hupika takriban hektolita 6,000 kwa mwaka, yaani lita 600,000. Kiwanda kikubwa cha kisasa kinaweza kutoa kiasi hicho kwa siku chache. Watawa wameeleza mara nyingi kuwa wanapika bia ili waishi, na hawaishi ili wapike bia. Siku zinazobaki ni za sala, masomo, wageni na kazi nyingine za nyumba.

Badala ya kuongeza bia, waliweka utaratibu wa kuigawa. Mteja alitakiwa kupiga simu kuagiza, kutaja namba ya gari lake na kufika siku aliyopangiwa. Kreti zilikuwa na kikomo, na mteja yuleyule hakuruhusiwa kurudi mpaka siku 60 zipite. Mwaka 2019 simu ilipokewa nafasi yake na mauzo kwa njia ya intaneti, yaliyolenga kumpa nafasi zaidi mtu ambaye hajanunua kwa muda mrefu. Sharti moja halikubadilika: mnunuzi asiiuze tena bia hiyo kwa faida.

Sharti hilo huvunjwa mara kwa mara. Mwaka 2018 mtandao mmoja wa maduka nchini Uholanzi uliiuza chupa moja kwa karibu euro 10, takriban mara tano ya bei ya langoni. Abasia ililalamika hadharani. Kilichowauma watawa si kwamba faida hiyo haikuwafikia, kwani wao wenyewe wangeweza kupandisha bei. Waliona kuwa bia iliyokusudiwa kuwa ya bei ya haki imegeuzwa kuwa bidhaa ya anasa na ulanguzi.

Mara moja tu walilegeza kamba. Majengo ya abasia yalihitaji kukarabatiwa, nao wakahitaji fedha. Mwaka 2011 nchini Ubelgiji, na mwaka 2012 katika nchi nyingine ikiwemo Marekani, waliuza masanduku maalumu yenye chupa sita na glasi mbili, kama matofali ya kujengea nyumba yao. Yaliisha upesi mno. Fedha zilipotosha, mauzo hayo yakafungwa.

Mama, binti na mjukuu aliye Kivu

Habari ya Westvleteren ina uzi unaofika hadi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika desturi ya Watrapisti, monasteri huzaa monasteri: kundi la watawa hutumwa kuanzisha nyumba mpya, na nyumba hiyo huitwa binti wa ile iliyowatuma. Mwaka 1850 watawa kutoka Westvleteren walikwenda kusini mwa Ubelgiji, wakaanzisha abasia ya Scourmont karibu na mji wa Chimay. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1954, watawa wa Scourmont walianzisha monasteri ya Mokoto, katika milima ya Masisi, Kivu Kaskazini. Kwa hesabu hiyo, Mokoto ni mjukuu wa Westvleteren.

Binti hakufuata njia ya mama. Scourmont ilianza kupika bia mwaka 1862, na bia yake iitwayo Chimay leo huuzwa katika nchi nyingi. Ile ya rangi ya buluu, ambayo nayo ni nyeusi na hukomaa chupani, ilianza mwaka 1948 kama bia ya Krismasi. Upishi bado unafanyika ndani ya abasia, lakini chupa hujazwa katika kiwanda kilicho nje yake, na kazi nyingi hufanywa na waajiriwa. Watetezi wa njia hiyo husema imeleta ajira katika eneo lenye kazi chache, na kwamba faida hurudi kwa jamii kupitia misaada na miradi ya maendeleo. Nyumba mbili za ukoo mmoja, zenye kanuni moja, zimelijibu swali la kukua kwa majibu mawili tofauti, na hakuna iliyoilaani nyingine.

Mjukuu alipatwa na makubwa zaidi ya hayo. Mwezi Mei 1996, wakati mapigano ya kikabila yalipokuwa yakiitikisa Masisi, watu waliokuwa wamekimbilia monasteri ya Mokoto kutafuta hifadhi walishambuliwa na wengi wakauawa. Watawa walilazimika kuondoka. Kwa wenyeji wa Kivu, jina la Watrapisti halikumbushi bia kwanza, bali mlango uliofunguliwa kwa waliokimbia, na msiba uliofuata.

Mlinganyo huo unasaidia kuona bia ilipo katika maisha ya watawa hao. Mwaka 1997 nyumba kadhaa za Watrapisti ziliunda chama cha kimataifa cha kulinda jina lao. Bidhaa inayobeba nembo yake ni lazima itengenezwe ndani ya monasteri au jirani yake, chini ya usimamizi wa watawa, na mapato yake yatumike kwa mahitaji ya jumuiya, kwa mshikamano na nyumba nyingine na kwa misaada.

Hatari isiyotoka kwa walanguzi

Leo tishio kubwa kwa bia hizi halitokani na foleni wala ulanguzi. Linatokana na uchache wa watawa wenyewe. Vijana wanaojiunga na monasteri za Ulaya wamepungua, na waliomo wanazeeka. Mwanzoni mwa mwaka 2021 bia ya Achel, nyingine ya Watrapisti wa Ubelgiji, ilipoteza haki ya kubeba nembo kwa sababu monasteri yake haikuwa tena na watawa wanaoishi humo. Mitungi ilikuwepo, mapishi yalikuwepo na wanunuzi walikuwepo. Mwaka 2022 abasia ya Spencer nchini Marekani ilifunga kiwanda chake cha bia, baada ya watawa kuona kuwa biashara hiyo haiwafai tena.

Westvleteren bado inapika. Kila msimu matangi hujazwa, chupa hufungwa vizibo vyake vya manjano na kupelekwa katika chumba cha joto ili hamira imalize kazi yake. Hamira ya kesho inaweza kuchukuliwa Westmalle kama kawaida, na hopsi za Poperinge zinaendelea kupandwa. Kinachoiamulia bia hiyo uhai wake ni kama patakuwa na watu walio tayari kuamka kabla ya mapambazuko kwenda kusali, na baadaye kwenda kuuwasha moto chini ya mitungi.